Kofia ya Mjomba

Mwanangu alikuwa na mwaka 1 na miezi 10 mama mkwe aliposhuka kutoka Newala, akamkuta bado anafungwa pampasi. Akanitazama mimi, si binti yake.

“Baba, huyu mnamngojea aoe?”

Nikamweleza, kwa heshima zote za mkwe, kwamba nesi wa kliniki alisema tusiwe na haraka: tungoje mpaka akae kama masaa mawili bila kulowa, aweze kushusha kaptula mwenyewe, na aseme haja ikimbana. Wapo wanaoanza wakishapita miaka 2. Mama akauliza nesi huyo anachota maji wapi.

“Sisi kule juu maji tuliyapandisha kwa kichwa. Mtoto akijua kukaa tu, unampakata miguuni, shsss, amemaliza. Nani afue nepi miaka 2?”

Mimi wa hapahapa Mikindani, bomba liko uani. Nitabishana na mtu wa Newala habari za maji?

Jioni nikanunua poti. Siku 3 za kwanza mtoto aliivaa kichwani, nami kwa ujinga wangu nikawa nacheka: “Kofia ya nani hiyooo?” Siku ya nne akaikalia, akakojoa. Nyumba nzima tukapiga makofi. Nikajiona mwalimu.

Ijumaa akaja mjomba wa mke wangu. Kama hujaoa Umakondeni, elewa: mjomba ndiye mwenye watoto, baba ni mgeni aliyekaa sana. Alitoka msikitini na kanzu imenyooka, na kofia ya kushonwa kwa mkono, ile yenye vitobo vidogo vidogo vya kupitisha hewa. Joto likamzidi, akaivua, akaiweka mkekani, mdomo juu.

Mtoto akaitazama kofia. Akanitazama mimi. Akashusha kaptula mwenyewe, kama nesi alivyotaka, akachuchumaa kwa adabu zote.

“Mjomba, kofia!”

Nilichelewa. Vile vitobo vikafanya kazi yake, mkojo ukatambaa mkekani hadi kwenye sahani ya korosho.

Mtoto akasimama, akangoja makofi. Kimya. Akaanza kujipigia mwenyewe. Mama mkwe akadakia, “Kajitahidi jamani, mpigieni!” Tukapiga. Mjomba naye akapiga, taratibu, kichwa wazi.

Kofia niliifua mara 3. Nilipompelekea, hata mkono hakunyoosha.

“Mwachie mjukuu wangu. Ameshaizoea.”