Kopo la Supu Ukutani

Nimeishi New Jersey kwa miaka 11, na kila ndugu anayekuja kunitembelea kutoka Tanzania humpeleka kwenye jumba la sanaa la MoMA, New York, kutazama makopo 32 ya supu ya Campbell's yaliyochorwa na msanii Mmarekani Andy Warhol mwaka 1962. Wengi hucheka. Mjomba wangu aliuliza kama wale waliosimama pale walikuwa kwenye foleni ya chakula.

Mimi siku hizi sicheki. Kuchora bidhaa kwetu si jambo geni, kwani kuta za maduka zimejaa soda na sabuni za rangi ya mafuta, na fundi hulipwa na mwenye duka ili avute wateja. Warhol hakutumwa na muuzaji. Alichukua aina zote zilizokuwa sokoni wakati huo, akaipa kila moja turubai yake ya sentimita 51 kwa 41, na zilipoonyeshwa mara ya kwanza, Los Angeles, zilipangwa juu ya rafu nyembamba kama dukani. Wenye ukumbi jirani wakapanga makopo halisi na kutangaza kwamba kwao ni bei nafuu. Ukisogea karibu utaona vijiua vilivyopigwa mhuri kwa mkono chini ya lebo, navyo havikulingana.

Naamini picha hii isingezaliwa kwetu, na sababu si uhaba wa vipaji. Kopo kwetu halikai na lebo yake. Mama alikuwa akibandua karatasi siku ileile maziwa yanapokwisha, kopo likawa kipimo cha karanga au fundi bati akaligeuza koroboi, na baada ya mwezi hakuna aliyekumbuka lilikuja na nini. Huku hutupwa likiwa bado limevaa karatasi yake, kwa hiyo kinachobaki kichwani mwa mlaji ni ule wekundu na weupe wa lebo tu. Warhol mwenyewe, mtoto wa wahamiaji wa Pittsburgh, alisema aliila supu hiyo mchana kwa takriban miaka 20.

Wiki iliyopita nilinunua kopo la supu ya nyanya, nikainywa (ni tamu mno kwa ulimi uliozoea makongoro), nikaliosha na kutia kalamu zangu humo. Binti yangu, ambaye amezaliwa huku, alilikuta mezani likiwa bati tupu, akaniuliza picha yake nimeipeleka wapi.