Damaged ya Black Flag: sauti mpya, nyimbo za zamani

Wapenzi wa rumba hapa Lubumbashi wanaujua vizuri ubishi wa nani mwenye orkesta, mwimbaji au mpiga gitaa. Waliomfuata Franco wana jibu lao, kwa kuwa katika orkesta yake ya TPOK Jazz waimbaji waliingia na kutoka, Sam Mangwana akiwa mmoja wao, naye mwenye gitaa akabaki kuwa bwana wa nyumba hadi alipofariki mwaka 1989. Ubishi huohuo unaihusu Damaged, albamu ambayo bendi ya punk (roki kali ya haraka) ya Black Flag, kutoka Hermosa Beach, California, iliitoa Desemba 1981 ikiwa na mwimbaji wa nne, Henry Rollins, kijana wa miaka 20.

Katika Black Flag bwana wa nyumba alikuwa mpiga gitaa Greg Ginn, mwanzilishi na mtunzi mkuu. Keith Morris aliimba kwanza, akafuata Ron Reyes, kisha Dez Cadena, ambaye sauti yake ilichoka akataka kubaki na gitaa la kusindikiza. Rollins, mzaliwa wa Washington, alikuwa shabiki tu; alirukia jukwaani New York akaimba nao wimbo mmoja, na muda si mrefu wakamwita.

Wasiompenda wana hoja nzito. Nyimbo nyingi za albamu hii zilikuwa zimekwisha kuimbwa na wenzake, na mkusanyo wa Everything Went Black, uliotoka mwaka 1982, unatuwezesha kuwasikiliza watatu hao wa kwanza na kulinganisha. Chukua "Six Pack", ambao Cadena aliutoa kwenye santuri mwaka huohuo wa 1981. Wimbo unamkejeli mtu anayethamini bia zake kuliko kitu kingine chochote, na Cadena anauimba kwa namna inayokufanya umcheke mtu huyo huku ukimhurumia. Rollins anaubamiza kila mstari kwa uzito uleule, kejeli ikapotea. Kwa wimbo huu nawaunga mkono kabisa.

Lakini kipimo cha haki zaidi ni "Damaged I", unaofunga albamu. Cadena naye aliwahi kuurekodi, upande wa pili wa santuri ya "Louie Louie". Mwendo ni uleule wa kujikokota, ila Rollins alikuja na maneno yake mwenyewe, akayatoa kwa kukatika, mara anapayuka, mara anahema, kama mtu aliyejifungia chumbani na maumivu yake asitake yeyote aingie. Hapo hamwigi mtu. Na "Rise Above", unaofungua albamu, ulihitaji kifua cha kuinua umati mzima. Kifua hicho alikuwa nacho.

Jambo moja husahaulika katika mabishano haya. Cadena alipoachia kipaza sauti, bendi ilipata gitaa la pili, kwa hiyo uzito ambao wengi wanauhesabia Rollins kwa sehemu ni kazi ya mtu aliyempisha. Hata hasira yenyewe haikuletwa na mgeni. Al Bergamo, mkuu katika kampuni ya MCA, alipokataa kuisambaza albamu akidai kwamba inapinga wazazi, nayo bendi ikayabandika maneno yake kwenye jalada, alikuwa anayashtukia mashairi ambayo kwa sehemu kubwa yaliandikwa na Ginn na mpiga besi Chuck Dukowski kabla Rollins hajafika.

Hata hivyo, naona bendi ilichagua vema, na sababu yangu imo katika albamu iliyofuata, My War ya mwaka 1984. Upande wake wa pili una nyimbo tatu tu, kila mmoja ukizidi dakika sita, zote za mwendo mzito uliokwisha kujaribiwa katika "Damaged I". Sauti ya Morris, kali na ya haraka, ilifaa nyimbo za dakika moja. Sioni ingewezaje kuubeba mzigo huo. Rollins aliubeba. Kwa "Six Pack", nitaendelea kumsikiliza Cadena.