Kubadili sura ya nyumba ya kale: wapi bodi ina haki, wapi inazidisha

Ugomvi mwingi huanzia dirishani. Mwenye nyumba anaona mbao iliyooza chini ya fremu na upepo unaopenya, kwa hiyo anaomba kuweka dirisha la plastiki lenye vioo pacha. Afisa wa bodi ya urithi, inayotoa vibali vya kubadili majengo ya kale, anaangalia kitu kingine: vijiti vya mbao vinavyogawa vioo, vyenye upana wa milimita 20 hivi, na fremu iliyozama ukutani kiasi cha kuweka kivuli. Plastiki haiwezi kuwa nyembamba hivyo ikabaki imara. Fremu hunenepa, vijiti hubandikwa tu juu ya kioo, kivuli hupotea. Ombi linakataliwa, na mwenye nyumba anaona amenyimwa mali yake kwa ajili ya milimita chache.

Kisheria, swali la kama anaweza kuzuiwa lilijibiwa zamani. New York ilitunga sheria yake ya kulinda majengo mwaka 1965, baada ya kituo cha reli cha Pennsylvania kuanza kubomolewa mwaka 1963. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya kampuni ya Penn Central iliyotaka kujenga mnara wa ofisi juu ya kituo cha Grand Central, kwamba kuikatalia hakukuwa kuinyang'anya mali. Uingereza ni kali zaidi: kulibadili jengo lililoorodheshwa, yaani lililo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, kwa namna inayogusa hadhi yake, bila kibali ni kosa la jinai, na ulinzi huo unafika hadi ndani ya nyumba. Hata aliyeinunua nyumba anaweza kuamriwa kurekebisha kazi ya mmiliki aliyemtangulia. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua uko kwenye orodha ipi. Marekani, kwa mfano, kuwemo kwenye rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria peke yake hakumfungi mmiliki binafsi anayetumia fedha zake. Kinachomfunga ni sheria ya mji wake.

Hoja nzito ya upande wa bodi haihusu uzuri. Inahusu uharibifu usiorekebishika. Chukua saruji. Kuta nyingi za matofali ya kale zimejengwa kwa chokaa, ambayo ni laini kuliko tofali na hupitisha unyevu. Maji yaliyoingia ukutani hutoka kupitia chokaa, na chokaa ndiyo inayolika, polepole, ikilinusuru tofali. Fundi akikwangua mapengo kati ya matofali na kuyajaza saruji, njia hiyo imezibwa. Maji sasa yanatoka kupitia tofali lenyewe, chumvi inaganda chini ya uso wake, na penye baridi kali barafu inalipasua. Miaka inavyopita uso wa matofali unabanduka kama magamba, huku mistari ya saruji ikibaki imetokeza. Ukiamua kuing'oa, inaondoka na kingo za matofali. Kusafisha ukuta kwa mchanga wa kompresa ni balaa la aina hiyohiyo: linaloondoka ni ganda gumu lililoletwa na moto wa tanuri, na halirudi. Bodi inayokataa mambo haya inamlinda mwenye nyumba mwenyewe.

Lakini na mwenye nyumba ana haki ya kulalamika. Sura inafurahiwa na mtaa mzima, gharama inabebwa na mtu mmoja. Dirisha la mbao la kuchongwa kwa vipimo linataka fundi ambaye ni adimu. Anayeishi kwa pensheni akikataliwa la bei nafuu, hubaki na jambo moja lisilohitaji kibali: kuacha lioze. Hapo bodi imelipoteza dirisha kwa ukali wake. Tena zipo bodi zinazobishania rangi ya mlango kwa uzito uleule wa ukuta, ilhali rangi hupakwa upya kwa siku moja. Hilo ni kosa la kweli. Rangi, taa, kishikio cha ngazi kilichofungwa kwa skrubu, paneli za jua kwenye mteremko wa nyuma wa paa: vyote vinaweza kuondolewa bila kuacha kovu kubwa, na vinastahili kupitishwa na afisa mmoja mezani kwake. Ukali ubaki kwa kinachong'olewa, kinachokwanguliwa na kinachozibwa.

Lile dirisha nalo lina njia ya tatu. Mbao iliyooza hukatwa na kuungwa mbao mpya, pembeni hupachikwa brashi za kuzuia upepo, na upande wa ndani hufungwa fremu ya pili ya kioo inayotolewa. Sura ya nje haiguswi. Pale bodi inaposimamia nje tu, fremu hiyo kwa kawaida haihitaji kibali chake.

Maombi mengi hukwama kwa sababu ya karatasi. Onana na afisa kabla michoro haijakamilika, maana baada ya hapo kila badiliko linagharimu. Peleka mchoro wa uso wa nyumba ulivyo na utakavyokuwa kwa kipimo cha 1:50, na wa dirisha lililokatwa katikati kwa 1:5. Kijitabu cha mauzo cha kiwanda hakionyeshi kivuli. Usiandike tu "limechakaa". Piga picha ya bisibisi iliyozama kwenye mbao, rula ikiwa kando yake. Kumbuka pia kwamba kibali cha urithi na kibali cha ujenzi kwa kawaida ni vitu viwili, na kimoja hakisimami badala ya kingine.

Kwa kazi ya ukuta, omba kufanya kwanza kipande cha majaribio cha mita moja ya mraba, mahali pasipoonekana sana. Subiri kikauke kabisa ndipo uwaite maafisa, kwa kuwa chokaa mbichi huonekana nyeusi kuliko itakavyokuwa. Kikikubaliwa, kiache bila kuguswa hadi siku ya mwisho ya kazi, ili kila fundi anayepanda jukwaani alinganishe mkono wake nacho.