Sarafu Isiyo na Vina

Juma lililopita binamu yangu alirudi kutoka Dubai na sarafu ya dhahabu ya wakia moja, akaipitisha sebuleni ikiwa ndani ya kikasha chake cha plastiki, huku akituonya tusikifungue kwa sababu alama ya kidole hushusha bei. Upande mmoja palikuwa na ndovu, upande wa pili nembo ya Somalia. Sarafu yenyewe hupigwa Bavaria, Ujerumani. Ndovu ni wetu, nembo ni ya jirani yetu, na mtambo ni wa Wajerumani. Hongera zetu sote.

Simpingi mnyama kwenye dhahabu. Swara wa Krugerrand, sarafu ya dhahabu ya Afrika Kusini, aliyechorwa na Coert Steynberg na kutolewa mwaka 1967, ana mwendo, na hata panda wa China, ambaye tangu 1982 hubadilishwa sura karibu kila mwaka, nakiri kwa shingo upande kwamba anapendeza. Tena sisi wa Mombasa, ambao pembe zetu maarufu za ndovu pale Moi Avenue ni za alumini na zilisimamishwa kwa ajili ya ziara ya kifalme ya Waingereza, hatuna uso wa kumcheka mtu.

Kinachonikera ni kwamba Afrika ikitajwa kwenye dhahabu ni lazima atokee mnyama, kana kwamba watu wa huku hawakuwahi kuwa na neno la kuandika. Sarafu za shaba za Kilwa hazikuwa na ndovu wala kichwa cha mtu. Ile ya sultani wa huko, Ali bin al-Hasan, ina jina lake upande mmoja, na ukiigeuza unasoma kwamba anamtegemea Mola mwenye neema. Na kwa Kiarabu pande hizo mbili zina kina kimoja, *Hasan* na *minan*. Yaani mchuuzi alitembea na beti mfukoni, na ili aumalize ubeti ilimbidi aigeuze sarafu kiganjani! Za dhahabu nazo zilipigwa, kwa jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331 baada ya kulala usiku mmoja hapa Mombasa. Dhahabu ya Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji, ilipita mikononi mwao, na walipotaka kuipa sura walichagua maandishi.

Marehemu nyanya yangu alikuwa na kidani cha pauni, sarafu za dhahabu za Waingereza, zile za Mtakatifu George akiliua joka, mchoro wa Benedetto Pistrucci wa mwaka 1817. Kwake yeye joka lilikuwa mjusi. Alizivaa farasi akitazama nje, kwa kuwa mfalme wa upande wa pili, alisema, hamjui, na kwa miaka mingi ya kusuguliwa na buibui farasi wa katikati alikuwa amebaki bila mkia.

Binamu aliniuliza kwa kejeli ningeandika nini badala ya ndovu. Nikamwambia: upande mmoja, "Leo ni kwako", upande wa pili, "kesho kwa mwenzako". Akasema sarafu ya namna hiyo haiuziki, akakifungia kikasha chake kabatini.