Tamko Rasmi Kuhusu Mzinga wa Saint Petersburg

Kwa kuwa video imekwisha kufika katika kundi la familia, katika kundi la tuliosoma pamoja sekondari na, kwa njia nisiyoielewa hadi sasa, katika kundi la michango ya harusi ya mtu nisiyemfahamu, naona nitoe maelezo yangu kabla habari hii haijatangazwa msikitini. Mmeniona nimelala kifudifudi juu ya theluji, chini ya mzinga, mikono kichwani, koti limepanda hadi mabegani. Hilo sikatai, kwa sababu koti ni langu na linajulikana. Ninachokataa ni maneno yaliyoambatanishwa na video hiyo, yaliyoandikwa na swahiba wangu ambaye simtaji jina kwa kuwa umaarufu alioupata wiki hii unamtosha, na hasa ile sentensi isemayo kwamba nililia. Sikulia. Macho hutoa maji yenyewe katika baridi ile, na yeyote aliyewahi kukaa Urusi mwezi wa Februari atanitetea.

Swahiba huyo anasoma uhandisi Saint Petersburg, nami nilikuwa mgeni wake. Aliniahidi kunipeleka kwenye makumbusho ya kijeshi ambayo, kwa maelezo yake, hayana mfano wake, na katika hilo peke yake hakunidanganya. Ni Makumbusho ya Historia ya Kijeshi ya Mizinga, Uhandisi na Mawasiliano, yaliyomo katika Kronverk, jengo la matofali mekundu lenye umbo la kiatu cha farasi lililojengwa katikati ya karne ya 19. Kati ya jengo hilo na Ngome ya Petro na Paulo kuna mfereji mwembamba tu. Naomba mlishike hilo la ngome na mfereji. Asubuhi ile nilielezwa mambo mengi sana, hadi bei ya viazi, lakini kuhusu shughuli za kila siku za ngome hiyo sikuambiwa hata neno moja.

Ndani tulianza vizuri. Hazina ya makumbusho hayo inahesabiwa kuanzia mwaka 1703, mwaka uleule mji ulipoanzishwa, Petro Mkuu alipoagiza mizinga ya zamani na ya ajabu itengewe ghala lake badala ya kuyeyushwa. Nilisimama kwa muda mrefu mbele ya Inrog, mzinga uliosubiwa na fundi Andrei Chokhov mwaka 1577, wenye uzito wa zaidi ya tani 7, nikajiuliza ni farasi wangapi walioilaani siku ya kuuvuta. Nililiona gari la deraya linalohusishwa na hotuba aliyoitoa Lenin aliporejea mjini humo Aprili 1917. Katika ukumbi wa Kalashnikov nilimweleza swahiba, kwa sauti ya mtu aliyealikwa kutoa mhadhara, kwamba bunduki hiyo imo hadi kwenye bendera ya Msumbiji, pamoja na jembe na kitabu. Alikuwa hanisikilizi. Alikuwa anatazama saa yake, akaniambia kwamba ni lazima tutoke uani sasa hivi kwa sababu mwanga wa kupigia picha utaharibika. Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi. Enyi mnaonicheka, nanyi mniambie: mwanga wa saa tano na nusu unaharibika kwenda wapi? Swali hilo lilinijia baadaye, nikiwa chini.

Uani kuna silaha nyingi kiasi kwamba mtu hajui aanzie wapi: mizinga ya kukokotwa, mizinga inayojiendesha, mitambo ya kurushia makombora, hadi lile gari la Topol lenye magurudumu 14 ambalo kazi yake ilikuwa kubeba kombora la nyuklia msituni. Nilipofika kwenye BM-21, mtambo wa kurushia roketi wenye mirija 40, nilishindwa kujizuia, kwa maana ndiyo silaha ambayo jeshi letu la Tanzania liliitumia katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na ambayo Waganda waliipachika jina la Saba Saba. Nikahutubia. Baba mmoja wa Kirusi aliyefuatana na mwanawe, mtoto wa miaka mitano hivi mwenye kofia ya masikio, alisimama kunisikiliza ingawa Kiswahili hakijui, akawa anatikisa kichwa kwa heshima kila nilipounyooshea kidole mrija. Heshima hiyo ndiyo ya mwisho niliyoipata katika mji ule.

Sasa tuje kwenye tukio lenyewe, na nitakwenda taratibu, kwa sababu video inaanzia mahali ambapo hadhi yangu tayari imekwisha.

Swahiba ndiye aliyechagua mzinga. Ulikuwa wa kijani, wa kukokotwa na lori, mtutu umeinuliwa kuelekea upande wa ngome, na ng'ambo ya mfereji ulionekana mnara wa dhahabu wa Kanisa Kuu la Petro na Paulo, wenye urefu wa mita 122.5, kanisa ambamo wamezikwa wafalme wa Urusi kuanzia Petro Mkuu mwenyewe. Alisema picha itapendeza mnara ukionekana nyuma yangu. Ubavuni mwa mzinga palikuwa na gurudumu dogo la chuma lenye mpini, lile ambalo askari hulizungusha ili kuinua au kushusha mtutu, akaniambia nilishike. Nikalishika. Akaniambia nikaze uso kama mpiga mizinga halisi. Nikaukaza. Akatazama saa tena, akasema nisubiri kidogo, bado kidogo, bado, nami nikadhani anangoja wingu lipite. Baba na mtoto wake walikuwa wamesogea karibu kutazama. Ndipo swahiba akasema, kwa sauti ambayo sasa naiita ya mnafiki lakini wakati ule niliiona ya kawaida: "Haya, zungusha!"

Gurudumu lilikuwa limepakwa rangi juu ya rangi miaka na miaka, kiasi kwamba lilikuwa limeshikamana na mhimili wake. Nililisukuma kwa mkono wa kulia, halikutikisika. Nikaongeza wa kushoto. Kwa kuwa nilikuwa narekodiwa, na kwa kuwa mtoto alikuwa ananitazama, nikaona si vizuri kushindwa na gurudumu, hivyo nikajiegemeza kwa uzito wangu wote, ambao mnaonifahamu mnaujua. Nikasikia "kli". Leo nafahamu kwamba ilikuwa zipu ya koti langu iliyogonga chuma. Kwa akili ya wakati ule, kitu kilikuwa kimeachia ndani ya mzinga.

Na papo hapo mji ukalipuka.

Mlio ule haukupitia masikioni, uliingia moja kwa moja kifuani, ukashuka hadi kwenye buti. Njiwa waliokuwa juu ya paa la Kronverk waliruka wote kwa mpigo. Katika muda usiofika sekunde mbili nilifikiri mambo ambayo kwa kawaida hunichukua wiki nzima. Nilifikiri: nimefyatua. Nikatazama mdomo wa mtutu nione moshi. Nikafikiri: kombora limekwenda wapi? Nikaufuata mtutu kwa macho, nikakumbuka kulikuwa na mnara, nikautafuta mnara, sikuuona. Sikuuona kwa sababu nilikuwa nimekwisha kufumba macho, lakini hilo halikunijia. Kilichonijia ni kwamba nimeuangusha mnara wa mita 122.5 na kuwapiga kombora wafalme wa Urusi ndani ya makaburi yao, na kwamba viza yangu ni ya utalii.

Hapo mwili ukachukua uamuzi bila kunishirikisha. Nilijitupa chini ya mzinga. Kwa wale wanaouliza kwa nini nilijificha chini ya silaha ileile niliyoamini imelipuka, swali ni zuri na sina jibu. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu aliyekuwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, usiku wa tarehe 16 Februari 2011, maghala ya silaha yalipolipuka, akabebwa mgongoni gizani bila kujua anakopelekwa, haulizi mlio umetoka wapi. Analala kwanza.

Glovu yangu ya kulia ilibaki juu, imeung'ang'ania ule mpini peke yake, vidole vimekunjwa, inaendelea na kazi ya mpiga mizinga niliyoiacha. Pua yangu ilikuwa imegusa tairi. Kwenye tairi kulikuwa na bonge la barafu lenye kipande cha sigara katikati, nami nilikitazama kwa makini kuliko nilivyoitazama Inrog, huku nikitoa kwa sauti kuu utetezi ambao swahiba ameuweka wote kwenye video: "Si mimi! Limejizungusha lenyewe!" Niliurudia kwa Kiswahili fasaha, katikati ya Warusi, kana kwamba palikuwa na hakimu wa mahakama ya Kisutu amepita hapo. Kisha nikahisi kitu kimelala ubavuni kwangu. Nikageuka. Alikuwa ni yule mtoto wa kofia ya masikio, naye amelala kifudifudi, mikono kichwani, ananitazama kwa furaha isiyo na kifani, akisubiri kujua hatua inayofuata ya mchezo.

Nilipotoa kichwa, hakuna aliyekuwa anakimbia. Mwanamke mmoja alikuwa anarekebisha saa yake ya mkononi. Baba wa mtoto alikuwa anacheka kwa adabu, ameziba mdomo. Swahiba alikuwa amepiga magoti kwenye theluji, simu mkononi, hawezi kupumua. Mnara ulikuwa umesimama.

Alipopata pumzi ndipo aliponieleza. Kila siku, saa sita kamili mchana, mzinga hupigwa katika boma la Naryshkin la ngome ile ili watu wajue saa. Desturi hiyo ilianza mwaka 1865 katika jengo la Admiralty, ikahamishiwa ngomeni mwaka 1873, ikakatizwa mwaka 1934 na kurejeshwa mwaka 1957. Siku hizi hutumika mizinga ya D-30 ya milimita 122, kwa baruti tupu, bila kombora. Wenyeji wameuzoea kiasi kwamba hata mazungumzo hawayakatizi. Nanyi mlioko Dubai mliozoea mizinga ya kutangaza futari, najua mtasema mngeitambua mara moja. Niwaulize tu, je, futari yenu huwa mnaifyatua wenyewe kwa mkono?

Mngedhani aibu imeishia hapo. Bibi mmoja, mzee sana, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, alinyanyuka, akaja kwa mkongojo hadi nilipokuwa, akaanza kunipangusa theluji mabegani kwa kiganja bila kusema neno. Kisha akamuuliza swahiba kwa Kirusi nimekimbia vita ya nchi gani. Swahiba alikuwa na nafasi ya kusema mimi ni mtalii, tena mtalii mnene asiyejua saa. Badala yake akainamisha kichwa kwa huzuni, akajibu kwamba nimetoka mbali. Bibi akafungua mkoba wake, akanipa pipi mbili, akanifumba kiganja juu yake. Ndugu zangu, mji ule ulipokuwa ukiitwa Leningrad ulizingirwa kwa siku 872, kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944, watu wakafa kwa njaa na kwa mizinga ya kweli, na mimi nikasimama hapo nikipokea pole na pipi kwa ajili ya mzinga wa kutangaza saa. Nilitaka kukataa. Sina Kirusi cha kukatalia. Moja nilimpa yule mtoto, nyingine niliila, na ilikuwa ya maziwa.

Mengine nitayapitia haraka, kwa kuwa hayana faida kwa mtu yeyote. Mlinzi alikuja akanielekeza kwa ishara kwamba mizinga haiegemewi. Glovu ilitoka kwenye mpini baada ya kuvutwa na watu wawili. Swahiba alininunulia supu ya kuomba radhi, na wakati mimi naila yeye alikuwa anaituma video. Kufikia jioni, kundi la familia lilikuwa limebadilishwa jina kuwa Kikosi cha Mizinga, na mjomba, ambaye hajawahi kunijibu salamu humo tangu lilipoundwa, aliniandikia "Kamanda".

Mama naye ametuma ujumbe wa sauti. Hakuuliza kama niliumia. Ameuliza kama hilo kombora nimelipishwa, na akasema kwamba kama nimelipishwa nisimhesabie yeye, kwa sababu pesa ya tiketi aliyonikopea kwenye kikoba hajaanza hata kuirudisha.