Maneno ya Donne kuhusu kisiwa si shairi

Ndugu mwandishi, asante kwa makala, ila hapo uliposema "hakuna mtu aliye kisiwa" ni mstari wa shairi la Mwingereza John Donne, tafadhali parekebishwe. Ni nathari. Maneno hayo yamo katika Tafakari ya 17 ya kitabu chake Devotions upon Emergent Occasions, kilichotoka London mwaka 1624. Donne, wakati huo mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, aliugua sana mwishoni mwa 1623, na tafakari hiyo inaanza na mgonjwa anayesikia kengele ya msiba. Ndiyo maana aya hiyohiyo inaishia kwenye kengele: usitume mtu kuuliza inamlilia nani, inakulilia wewe. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alitoa hapo jina la riwaya yake ya 1940, For Whom the Bell Tolls.

Kosa linatokana na watu kuikata aya vipande vifupi na kuvipanga kama beti. Iunganishe tena uone: haina vina wala mizani, sentensi inatiririka tu hadi kwenye bonge la udongo ambalo bahari ikilimega, Ulaya imepungua. Diwani ya mashairi yake ilitoka 1633, miaka miwili baada ya kifo chake, na humo haimo.