Mrija wa pitoti: kinga isije ikawa ndiyo hatari

Chini ya bawa la kushoto la ndege nyingi ndogo kuna mrija mwembamba uliochomoza kuelekea mbele. Asiyeujua anaweza kuudhani ndoano ya kutundikia kitu. Huo ni mrija wa pitoti, wenye jina la Henri Pitot, mhandisi Mfaransa ambaye mwaka 1732 alitumia mrija wa namna hiyo kupima mwendo wa maji ya mto Seine. Hewa inayokutana na ndege huingia mdomoni mwake ikakwama humo. Msukumo wake hulinganishwa na wa hewa tuli inayochukuliwa kwenye tundu jingine, na tofauti hiyo ndiyo rubani anayoisoma kama kasi.

Ili upate hewa isiyovurugwa, sharti ukae mbali na pangaboi na nje kidogo ya ngozi ya bawa. Hapo ndipo watu wanapopita. Kwenye ndege yenye mabawa ya juu, kama Cessna 172, hukaribia usawa wa kichwa. Kwenye yenye mabawa ya chini, kama Piper PA-28, huwa chini kabisa, usawa wa miguu ya mpita njia. Ndiyo maana maumivu yake mengi huupata ardhini: ngazi ya kujazia mafuta, kamba ya kufungia bawa, mlango wa hanga (banda la ndege), bega la mtu anayesaidia kuisukuma ndege kinyumenyume huku macho yake yako mkiani.

Wanaotunza ndege hizi wamegawanyika. Wapo wanaotaka mrija uvalishwe kifuniko kila mara injini inapozimwa, tena kigumu, kiweze kupokea kishindo. Wengine wanasema kila kifuniko ni kitu cha kusahaulika, na mrija uliosahauliwa ndani ya kifuniko haupimi chochote.

Kila upande una ushahidi mzito, na wote umetoka kwenye ndege kubwa. Tarehe 6 Februari 1996 Boeing 757 ya Birgenair ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 wakafa. Ndege ilikuwa imeegeshwa kwa siku kadhaa bila mirija yake kufunikwa, na wachunguzi walishuku kwamba nyigu wanaojenga kwa udongo waliziba mmoja wao. Julai 2018 yakatokea ya kinyume: Airbus A330 ya Malaysia Airlines iliruka kutoka Brisbane, Australia, vifuniko vikiwa bado juu ya mirija yake. Vilikuwa vimewekwa kwa sababu hiyo hiyo ya nyigu, ambao uwanja ule unawajua vizuri. Ndege ilirudi salama na hakuna aliyeumia, lakini marubani walitua bila kipimo cha kasi cha kutegemewa.

Watu wengi huishia kwenye mifano hii miwili na kuendelea kubishana. Mimi naona inajibu swali jingine. Yote miwili inahusu mrija kuzibwa, ilhali kugongwa ni jambo la peke yake. Kifuniko kinachomzuia mdudu kinatakiwa kubana mdomo wa mrija; kinachouokoa mrija na bega la mtu kinatakiwa kuonekana kutoka mbali. Tukidai kitu kimoja kifanye kazi zote mbili, mara nyingi tunapata kifuniko kizito, chembamba, cha rangi ya bawa, kisichoonekana na mpita njia wala rubani.

Ugumu nao una hila yake. Mrija umeshikwa upande mmoja tu, kwenye shina lake. Ukiuvika gamba la chuma, umerefusha mkono wa wenzo: anayeligonga gamba hauvunji mdomo, bali nguvu yote inashuka kwenye shina, ambako mrija unaungana na bomba laini linaloingia ndani ya bawa. Mdomo unabaki mzuri, kiungo kinapata ufa. Hapo kinga imehamisha jeraha kutoka mahali panapoonekana kwenda mahali pasipoonekana.

Na ufa huo si jambo dogo. Kwa kasi ya kilomita 110 kwa saa karibu na usawa wa bahari, msukumo unaopimwa ni takribani paskali 570 tu, sawa na uzito wa safu ya maji ya sentimita 6 hivi. Mfumo unaofanya kazi kwa msukumo mdogo kiasi hicho hausamehe uvujaji. Hewa ikitoroka kabla ya kufika kwenye kipimo, kasi husomeka pungufu kuliko ilivyo. Wapo wanaojifariji kwamba kosa la upande huo ni salama, kwa kuwa ndege iko mbali zaidi na kasi ambayo mabawa hushindwa kuibeba. Sikubaliani nao. Rubani huyo atatua kwa kasi kubwa kuliko anavyodhani na kuumaliza uwanja mfupi, au katika kushuka atavuka kikomo cha kasi cha ndege yake huku sindano ikimwambia bado.

Kupinda kidogo, kwa upande mwingine, huvumilika zaidi kuliko jicho linavyohofu: mrija ukielekea pembeni kwa nyuzi chache tu, kipimo hakibadiliki sana. Ndipo inapotokea tabia ninayoihofia kuliko zote. Mtu ameugonga, ameona umepinda, ameangalia kushoto na kulia, ameunyoosha kwa mkono, ameondoka. Kilichoonekana kimerekebishwa. Kiungo kilichokunjwa mara mbili hakuna aliyekikagua.

Kwa kuzuia kugongwa, basi, nachagua kitu laini, kinene na cha rangi kali. Sponji nene iliyotobolewa, au mpira wa tenisi uliochanwa ukavishwa kwenye ncha, humwonya mtu kabla hajagusa, na akigusa, hulegea. Paji la uso la mpita njia nalo hupona. Utepe mwekundu mrefu huongeza kuonekana hata kwa aliyeketi kwenye kiti cha rubani. Ndani yake au badala yake, wakati wa kuegesha kwa muda mrefu, mrija uvalishwe kile cha kubana dhidi ya wadudu.

Kuna vifuniko vyenye kibawa kidogo kinachosukumwa na upepo na kufunguka chenyewe ndege inapokimbia. Wazo hilo linanivutia, maana linaondoa kusahau. Lakini bawaba hukwama, na kitu hicho chenyewe ni ncha nyingine ya kugongwa. Kwenye ndege zisizo na injini mrija mara nyingi huchomolewa ukawekwa kando baada ya safari, njia safi kabisa, ila kila kiungo kinachochomolewa ni mahali pengine pa kuvuja, na mirija yenye kipasha joto ina nyaya za umeme pia. Tena mwenye kipasha joto asikijaribu kabla ya kuvua kifuniko, kitayeyukia juu ya mrija.

Hoja ya kusahau ni ya kweli, lakini haihitaji kuacha mrija uchi. Kifuniko kikitoka kwenye mrija kiwe na mahali pamoja tu ndani ya ndege, mbele ya macho ya rubani. Asipokiona hapo, asiwashe injini. Kisha kuna lango la mwisho, nalo kwangu ni muhimu kuliko aina yoyote ya kifuniko: ndege inapoanza kukimbia, sindano ya kasi iangaliwe kama imeamka, na isipoamka, kuruka kusitishwe njia ingali ndefu. Puerto Plata nahodha alikwisha ona kwamba kipimo chake hakifanyi kazi wakati ndege ingali ardhini, lakini safari ikaendelea.

Linabaki la aliyegonga. Fundi mwenye kifaa cha kupima uvujaji hutia msukumo mdogo kwenye mrija na kutazama kama sindano inashuka. Si kazi ya siku nzima, wala si ya kufanywa kwa kupuliza kwa mdomo, kwani pumzi ya mtu inatosha kuharibu kipimo. Atakachohitaji fundi huyo ni mtu wa kumwambia kwamba mrija uligongwa, na mtu huyo atasema tu kama hanga lake halimfokei anayekiri.